Kinanda cha kujiundia Sangailu: Umeme usioyumba hupatikanaje?

FUNDI wa redio anayeishi Sangailu, kusini mwa kaunti ya Garissa, akiamua kujiundia kinanda cha umeme, hatahangaika kwanza na sauti. Atahangaika na umeme wenyewe.

Sangailu ni wadi ya eneobunge la Ijara, katika nchi kavu ya wafugaji inayopakana na Somalia. Sehemu kubwa ya nchi hiyo iko mbali na nyaya za gridi ya taifa. Kwa familia nyingi, umeme ni ule unaokusanywa mchana na paneli ya sola na kuwekwa katika betri ya volti 12. Betri hiyo moja huwasha taa, huchaji simu na huendesha redio.

Inashangaza kidogo kwamba kaunti iyo hiyo ina mtambo wa sola wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019 karibu na mji wa Garissa. Hata hivyo, umeme wa mtambo huo huingia katika gridi ya taifa, na anayeishi mbali na nyaya haupati kwa kuwa jirani yake tu. Garissa vilevile ni miongoni mwa kaunti 14 zilizowekwa katika mradi wa KOSAP, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha ufadhili wake mwaka 2017 kwa lengo la kuwafikishia umeme wa sola wakazi wasiofikiwa na gridi.

Kwa taa na simu, betri ya volti 12 hutosha. Kwa kinanda cha analogi, yaani kile kinachounda sauti kwa kuongoza mikondo ya umeme badala ya kutumia kompyuta, betri hiyo ikiunganishwa moja kwa moja huleta aibu mbele ya watu. Kinanda huanza kikiwa sawasawa na mwimbaji, kisha polepole kinashuka. Mwimbaji hashuki, wala udi haushuki.

Kinanda cha aina hiyo, ambacho mafundi hukiita sinthesaiza, kinaweza kuundwa na mtu binafsi katika Afrika Mashariki. Ushahidi uko Kampala. Brian Bamanya wa Uganda, anayejulikana zaidi kwa jina la Afrorack, alijiundia chake kwa vipuri vilivyopatikana mjini humo baada ya kuona kwamba vile vinavyotengenezwa ng'ambo ni ghali mno. Hutajwa mara nyingi kuwa mtu wa kwanza barani Afrika kuunda kwa mikono yake kinanda kikubwa cha vipande vinavyounganishwa kwa waya. Mwaka 2022 alitoa albamu iitwayo The Afrorack kupitia lebo ya Hakuna Kulala ya jijini humo.

Wala vinanda vya umeme si vigeni katika muziki wa Kisomali. Bendi za Mogadishu za miaka ya 1970 na 1980, kama vile Iftin na Dur-Dur, zilivitumia pamoja na magitaa na tarumbeta. Mnamo 2017 kampuni ya Ostinato Records ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Kisomali za zama hizo, nao ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Siku hizi katika harusi za Kisomali, iwe Garissa au mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, mara nyingi mpiga kinanda mmoja hushika nafasi ya bendi nzima. Chombo chake kikiyumba, hakuna gitaa wala tarumbeta ya kuficha kosa.

Volti ndiyo sauti

Ili kuelewa kwa nini umeme una uzito mkubwa namna hii, ni lazima kujua jinsi kinanda cha analogi kinavyoamua ni noti ipi ilie.

Ndani yake mna saketi inayotetemesha umeme mara mamia au maelfu kwa sekunde. Mtetemo huo ukifikishwa kwenye spika huwa sauti. Kasi ya mtetemo huamuliwa na volti inayoingizwa katika saketi hiyo: volti ikipanda, sauti hupanda. Kwa mujibu wa desturi iliyoenea tangu vinanda vya Mmarekani Robert Moog vya miaka ya 1960, volti moja ni sawa na oktava moja.

Oktava ina nusu toni 12. Kwa hiyo nusu toni moja, yaani hatua kutoka kibonyezo cheupe hadi cheusi kilicho kando yake, ni volti moja igawanywe kwa 12, au takriban milivolti 83. Sikio lililozoea muziki hutambua hitilafu ndogo zaidi ya hiyo, karibu sehemu tano za mia za nusu toni. Kwa lugha ya umeme, hizo ni milivolti 4 tu. Ni kifaa gani kingine cha nyumbani kinachojali sehemu nne za elfu za volti? Balbu haijali. Redio haijali. Simu ina saketi zake za kujirekebisha.

Sasa na itazamwe betri. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.7. Ikitumika hadi nusu, hushuka hadi karibu 12.2. Upungufu huo wa nusu volti ni asilimia nne hivi, na mwenye taa hatauona.

Katika kinanda, volti ya noti aghalabu hupatikana kwa kuigawanya volti kuu kwa rezista. Noti iliyopewa volti 3 mwanzoni mwa sherehe itakuwa imebaki na takriban volti 2.88 betri ikifika nusu. Pengo hilo ni milivolti 118 hivi, yaani nusu toni moja na karibu nusu yake nyingine. Wimbo ulioanza kwa do utaishia chini ya si, hata kama hakuna kitu kingine chochote kilichobadilika ndani ya chombo.

Na huko ni kushuka kwa polepole tu. Kipo kuyumba kwa ghafla, ambako hukera zaidi. Tuseme kinanda na amplifaya ya spika vimefungwa kwenye betri moja kwa waya mmoja mwembamba, wa nusu milimita ya mraba, wenye urefu wa mita mbili. Kwenda na kurudi ni mita nne za shaba, ambazo ukinzani wake ni karibu omu 0.14. Kila ngoma inapopigwa na amplifaya ikavuta ampea 4, zaidi ya nusu volti hupotelea katika waya huo. Noti hudidimia kila ngoma inapolia na kuinuka tena baadaye, mithili ya mtu anayeimba huku akitikiswa juu ya lori.

Njia inayoonekana rahisi

Wengi hukimbilia inveta, kile chombo kinachogeuza umeme wa betri kuwa volti 240, kisha huchomeka adapta ya kinanda. Kwa televisheni ni sawa. Kwa kazi hii ni kuzunguka mbuyu: umeme unatoka volti 12, unapandishwa hadi 240, halafu unashushwa tena hadi 12, na kila hatua inakula sehemu ya nishati ya betri. Isitoshe, inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini la umeme. Hutoa wimbi la ngazi ngazi, na kingo za ngazi hizo huingia katika sauti zikawa mvumo na mchakaricho usiokatika.

Betri yenyewe, kinyume chake, ni chanzo kitulivu kuliko soketi ya ukutani. Haina mvumo wa gridi hata kidogo. Tatizo lake ni moja tu, kwamba volti yake inateremka. Fundi akiondoa teremko hilo bila kuuharibu utulivu, atakuwa na umeme safi kuliko wa studio nyingi za mjini.

Kushusha hadi chini ya betri

Chombo cha kuondoa teremko ni kidhibiti volteji, kipuri kidogo chenye miguu mitatu. Huingiziwa volti inayopanda na kushuka, kikatoa volti isiyobadilika. Kinachofahamika zaidi ni LM317, kilichobuniwa na Robert Dobkin katika kampuni ya National Semiconductor ya Marekani miaka ya 1970, na ambacho hadi leo hupatikana katika maduka ya vipuri kama yale ya barabara ya Luthuli, Nairobi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Michoro mingi ya vinanda vya kujiundia hudai volti 12 chanya na volti 12 hasi, kwa kuwa ndivyo ulivyo mfumo wa Eurorack ulioanzishwa na Mjerumani Dieter Doepfer katika miaka ya 1990. Fundi husoma mchoro, hutazama betri yake iliyoandikwa volti 12, akadhani mambo yamelingana. Hayajalingana. Kidhibiti hufanya kazi kwa kutupa volti ya ziada, na lazima ya ziada iwepo. LM317 huhitaji kuingiziwa takriban volti 2 zaidi ya kile inachotoa. Ili itoe 12, iingiziwe 14. Betri hufika 14 ikiwa inachajiwa tu. Ikianza kutumika, haifiki tena.

Matokeo yake ni kidhibiti kisichodhibiti. Kinapitisha tu kile betri inachotoa, kikipungua kidogo, na teremko linabaki palepale huku fundi akiamini kuwa amelimaliza.

Suluhisho ni kuacha kung'ang'ania 12 na kuridhika na volti 9. Tisa na ziada ya mbili ni 11. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya 11.8 hivi, la sivyo inafupishwa maisha. Maana yake ni kwamba betri itafika ukomo wake wa kupumzishwa kabla kidhibiti hakijaishiwa nguvu. Muda wote wa kupiga, betri ikiwa 13 au ikiwa 12, kinanda kitaona 9 ileile.

Kiasi gani cha uthabiti hupatikana? Kwa kawaida LM317 hubadilika takriban sehemu moja ya elfu kumi kwa kila volti inayobadilika upande wa kuingilia. Betri ikishuka volti mbili nzima, noti ya volti 3 itasogea milivolti 0.6. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya mia ya nusu toni, na hakuna sikio litakaloisikia.

Wapo watakaouliza kama saketi zilizochorwa kwa volti 12 zitakubali 9. Nyingi hukubali. Chipu kama TL072, ambayo ndiyo farasi wa kazi katika vinanda hivi, hutumika bila shida kwa volti 9 chanya na 9 hasi. Nguvu ya mawimbi hupungua kidogo na baadhi ya rezista huenda zikabadilishwa, lakini kanuni ya volti moja kwa oktava haiguswi. Aliyenunua vipande vilivyokwisha kuundwa vya Eurorack ndiye asiye na budi kutafuta volti 12 kamili, na yeye itambidi atumie kigeuzi cha kupandisha volti kwanza, kisha adhibiti, kisha achuje kelele za kigeuzi hicho. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Betri mbili, vidhibiti viwili vya aina moja

Kinanda cha analogi huhitaji pande mbili za umeme, kwa sababu wimbi la sauti hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake. Mwenye gridi hupata pande hizo kutoka kwa transfoma. Mwenye sola huzipata kwa kutumia betri mbili.

Vitabu hushauri LM317 kwa upande chanya na ndugu yake LM337 kwa upande hasi. Ushauri huo ni mzuri, ila una mitego. Miguu ya LM337 haikupangwa kama ya LM317. Wa kati kwa moja ni wa kutolea na kwa nyingine ni wa kuingizia. Wengi wameunguza vipuri kwa kutojua hilo. Tena dukani LM337 haipatikani kwa wepesi kama mwenzake.

Mwenye betri mbili ana njia fupi. Betri zikiwa hazijagusana popote, kila moja ni kisiwa. Kila moja inaweza kufungiwa LM317 yake na kutoa volti 9, kana kwamba ni vyombo viwili tofauti. Halafu chanya iliyodhibitiwa ya betri ya pili huunganishwa na hasi ya betri ya kwanza. Mahali hapo pa kuungana ndipo sifuri ya kinanda. Chanya ya kwanza inakuwa 9 juu ya sifuri, na hasi ya betri ya pili inakuwa 9 chini yake. Hakuna haja ya LM337.

Volti ya kutolea hupangwa kwa rezista mbili. Ikiwa iliyo kati ya mguu wa kutolea na mguu wa kurekebishia ni omu 240, na iliyo kati ya mguu wa kurekebishia na upande hasi ni omu 1,500, hesabu ni 1.25 mara 7.25, ambayo ni volti 9.06. Kipimo halisi kitazidi kidogo, kwa sababu mguu wa kurekebishia nao hutoa mkondo mdogo. Isiwe hoja kama mita inasoma 9.0 au 9.2, kwani kinanda hutuniwa baada ya kuwashwa. Muhimu ni kipimo hicho kibaki hapo hapo usiku kucha. Kwa ajili hiyo inafaa kutumia rezista za filamu ya metali, ambazo hazibadiliki sana kwa joto kama zile za kaboni.

Mguu wa kurekebishia ukiwekewa kapasita ya mikrofaradi 10, kelele zinazotoka upande wa betri hupungua sana. Lakini kapasita hiyo, pamoja na ile ya mikrofaradi 100 upande wa kutolea, hubaki na chaji pindi betri inapochomolewa, na chaji hiyo ikirudi nyuma inaweza kukiua kidhibiti. Ndiyo sababu dayodi mbili za 1N4007 huwekwa: moja kutoka mguu wa kutolea kuelekea wa kuingizia, nyingine kutoka wa kurekebishia kuelekea wa kutolea. Dayodi ya tatu hukaa kinyumenyume kati ya sifuri na kila upande wa umeme, ili upande mmoja ukitangulia kuwaka usiuvute mwingine mahali usipopaswa kwenda. Swichi nayo iwe ya kukata betri zote mbili kwa pamoja.

Kwa matumizi, kinanda kidogo si mlafi. TL072 moja hula takriban milliampea 3. Chipu 25 na taa chache za kuonyesha hazifiki milliampea 150. Fundi akijiwekea nafasi ya milliampea 200, betri mbili ndogo zilizofungwa za ampea-saa 7, zile zinazotumika katika UPS na ving'ora, zikitumika hadi nusu tu zitampigisha kwa zaidi ya saa 17. Spika ndiyo mlafi, na spika itafute betri yake.

Joto la Garissa na hatari za waya

Volti inayotupwa na kidhibiti hugeuka joto. Betri ikiwa 13 na kinanda kikivuta milliampea 200, volti 4 mara ampea 0.2 ni wati 0.8. Kidhibiti kisicho na bati la kupozea hupanda takriban nyuzi 50 kwa kila wati, kwa hiyo hapo kitapanda nyuzi 40 juu ya hewa iliyokizunguka. Mahali penye baridi hiyo si kitu. Garissa, ambako mchana hewa hupita nyuzi 35 na ndani ya sanduku lililofungwa hufika 45 kwa urahisi, kiini cha kidhibiti kitakaribia nyuzi 85. Hakitaungua, kwani ukomo wake ni 125, lakini kitapasha kila kilicho jirani.

Kipande cha alumini kilichotolewa katika pawasaplai mbovu ya kompyuta hutosha kukipoza. Tahadhari ni kwamba bati la mgongoni mwa LM317 limeungana na mguu wa kutolea. Vidhibiti viwili vikifungwa juu ya alumini moja bila karatasi ya maika kati yao, upande chanya utakuwa umepigwa shoti na sifuri. Joto pia hudhuru kapasita za maji, ambazo inakadiriwa umri wake hupungua kwa nusu kila joto linapopanda nyuzi 10. Zikae mbali na vidhibiti, na pembe zake za chanya na hasi zisigeuzwe, kwani hupasuka.

Jambo la hatari zaidi liko nje ya sanduku. Betri ndogo ya asidi, sembuse ya gari, inaweza kutoa mkondo wa kuyeyusha waya kwa sekunde chache. Fyuzi ya ampea 1 iwekwe karibu kabisa na pembe chanya ya kila betri, si ndani ya kinanda, maana waya ulio kati ya betri na kinanda ndio unaokanyagwa na watu na kuguguniwa na mbuzi.

Aidha, betri zote mbili zichomolewe kwenye mfumo wa sola kabla ya kuunganishwa na kinanda. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kelele. Kontrola nyingi za bei nafuu huchaji kwa kuukata na kuurudisha umeme mara nyingi kwa sekunde, na mkatiko huo unasikika katika spika kama nyuki ndani ya debe. Chaja za simu za USB zilizofungwa kwenye betri hiyo hiyo nazo huongeza makelele yao.

Ya pili ni shoti. Betri mbili zilizo katika kontrola moja zimeunganishwa hasi kwa hasi. Mpangilio wa kinanda unataka chanya iliyodhibitiwa ya betri ya pili ikutane na hasi ya kwanza. Yakifanyika yote mawili kwa wakati mmoja, kidhibiti cha pili kitakuwa kimeunganishwa moja kwa moja na hasi yake chenyewe. LM317 ina kinga ndani yake na itajizuia huku ikichemka, pengine ipone. Aliyeunganisha betri zenyewe bila vidhibiti kati yao hana kinga hiyo, na ataona waya ukigeuka mwekundu kabla hajajua alipokosea.

Kosa hilo hujitokeza pia kupitia amplifaya. Ikiendeshwa kwa betri ya kwanza haileti shoti, kwa kuwa hasi ya betri hiyo ndiyo sifuri, ingawa itairudishia mtikisiko. Ikichomekwa kwenye betri ya pili, hasi yake ni volti 9 chini ya sifuri, na waya wa sauti ukiingizwa tu, ni shoti. Betri ya tatu kwa ajili ya amplifaya huondoa mashaka yote mawili.

Kupima kabla ya kuamini

Vipuri bandia vimejaa sokoni, na chipu yenye maandishi ya LM317 huenda isiwe LM317. Kabla ya kuunganisha hata chipu moja ya kinanda, kila upande upimwe kwa multimita ukiwa hauna mzigo, kisha ukiwa unawasha taa ndogo ya nyuma ya gari ya wati 5, ambayo kwa volti 9 huvuta mkondo unaozidi ule wa kinanda kizima. Alumini iwe imeshafungwa. Kipimo kichukuliwe kwenye pembe za kidhibiti chenyewe. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili isizidi mbili au tatu za mia za volti. Ikizidi, kasoro iko katika kidhibiti, katika lehemu, au betri imeshuka kupita kiasi.

Kelele hupimwa kwa sikio. Upande chanya huunganishwa na ingizo la amplifaya kupitia kapasita ya mikrofaradi 1 na rezista ya kiloomu 10, sauti ikiwa imepunguzwa hadi mwisho, kisha inaongezwa polepole. Umeme mzuri hausikiki. Mvumo au mlio mwembamba ukitokea, kuna kitu bado kimechomekwa mahali fulani, na mara nyingi ni simu.

Waya za kupeleka umeme katika sehemu mbalimbali za kinanda zianzie mahali pamoja, kila sehemu na waya wake, badala ya kuungwa mmoja baada ya mwingine kama mnyororo. Sifuri ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu noti zote hupimwa kutoka hapo. Taa ya kumetameta ikishiriki waya wa sifuri na saketi ya noti, noti nayo itameta.

Hata baada ya yote hayo, kinanda kinaweza kusogea, na hapo umeme hautakuwa na lawama. Transista zinazogeuza volti kuwa oktava huathiriwa na joto, kiasi cha theluthi moja ya asilimia kwa kila nyuzi moja, na ni udhaifu uliowasumbua hata wapigaji wa Minimoog za awali baada ya chombo hicho kutolewa mwaka 1970. Sangailu jua likizama, joto la hewa hubadilika haraka. Transista hizo zifungwe mbali na vidhibiti, zigusane mgongo kwa mgongo ili zipate joto moja, na kinanda kiwashwe nusu saa kabla ya sherehe. Udi utuniwe baada ya hapo, kwa kukifuata kinanda.